Kitanda kipo ndani ya Noah, pa kulala milimani hapajulikani

*Wanandoa wa Temeke na Kinondoni wenye gari la kawaida na siku chache za mapumziko wanaweza kufika Usambara na Uluguru bila kukodi chumba. Kinachokosekana huko juu ni kiwanja chenye choo, kitabu cha wageni na stakabadhi.*

Fundi seremala wa Keko alivua ndala, akapanda ndani ya Noah iliyong'olewa viti vya nyuma na kujilaza chali. Kichwa kiligusa migongo ya viti vya mbele, visigino vikafika mlango wa nyuma. Akanyoosha mkono kupima nafasi ya paa, akageuka ubavu, kisha akashuka na kuandika vipimo kwa penseli kwenye kipande cha mbao. Amezoea kuchonga vitanda vya sita kwa sita na makabati ya jikoni. Kitanda cha kuingia garini hakuwahi kuletewa.

Gari ni letu, mimi na mke wangu, wakazi wa Mbagala. Tulitaka kitanda chenye bawaba, kikunjike mchana na kufunguka usiku. Chini yake fundi aliacha vyumba vitatu: kimoja cha madumu ya maji na ndoo, cha pili cha masufuria na mablanketi, cha tatu, kilicho karibu na mlango, cha jiko na mtungi mdogo wa gesi. Godoro lilikatwa kwa kisu cha mkate hapo hapo barabarani, watoto wa jirani wakishangilia vipande vya sponji vilivyokuwa vikipeperuka.

Kitanda kiliisha haraka. Kilichotuchukua muda ni swali ambalo kulitamka ni rahisi: tukishapanda milima na giza likaingia, gari hili tutaliegesha wapi?

Dawati la makala lilinipa kazi ya kulitafutia jibu. Nimelifuata mpaka ndani ya sheria za ardhi na misitu, na nimelala nalo usiku mmoja kwenye ua wa mwenyekiti wa kijiji. Ninaloliona ni kwamba barabara ipo, magari yapo, hamu ipo, na sheria ya kutuwezesha ipo pia. Hakuna aliyekaa chini akaviunganisha.

Chakula cha Usambara, maji ya Uluguru

Kwa Sensa ya 2022, Temeke ina watu 1,346,674 na Kinondoni 982,328. Tangu Kigamboni na Ubungo zimegwe kutoka wilaya hizo mbili, bado zimebaki na watu zaidi ya milioni mbili na laki tatu. Wengi wao hawajawahi kuikanyaga milima inayowalisha.

Tembea alfajiri kwenye soko la Temeke Stereo au Mabibo. Kabichi, karoti, hoho na viazi vinavyoshushwa kwenye Fuso vimesafiri usiku kucha, vingine kutoka Lushoto, vingine kutoka Mgeta upande wa Uluguru. Msimu ukifika, mapeasi na matunda damu hushuka kwa njia hiyo hiyo. Maji ya bomba nayo yanatoka mlimani: mto Ruvu unaanzia Uluguru, na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo tegemeo kubwa la jiji. Oktoba 2022, Ruvu iliposhuka, DAWASA ilitangaza mgawo na madumu yakarudi barabarani kutoka Bunju hadi Mbagala.

Milima hiyo ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa. Ni miamba ya kale kuliko Kilimanjaro kwa mbali sana, na misitu yake hunyweshwa na unyevunyevu unaovuma kutoka Bahari ya Hindi. Ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima kwa jina la Saintpaulia lilichukuliwa Usambara mwaka 1892 na mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, na likabaki na jina la ukoo wake. Mzungu wa Berlin amelitunza dirishani kwake kwa zaidi ya miaka mia. Mtoto wa Tandika hajui kwamba ni la kwao.

> Wengi wetu tunakula Usambara na kunywa Uluguru kila siku, na milima yenyewe tunaijua kwa picha za kalenda.

Kwa nini hatuendi? Jibu la kwanza la kila mtu ni fedha. Nalikubali kwa sehemu. Lakini tazama barabara ya Chalinze kuelekea Segera kila Desemba. Wachagga, Wapare na Wasambaa waishio Dar hujaza magari mchele, mafuta, mabati na watoto, wakapanda kwao milimani kwa siku kadhaa. Safari ndefu ya gari kwenda mlimani ni desturi ya Watanzania tangu zamani. Anayekwenda kwao ana pa kufikia: nyumba ya baba, ya shangazi, ya kaka mkubwa. Mzaramo wa Mbagala au Mmakonde wa Yombo hana shangazi Lushoto. Huyo ndiye anayehitaji kitanda ndani ya gari.

Wapo waliofika mbali sana kwa namna hiyo. Mjerumani Günther Holtorf aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1980 na Mercedes la dizeli la mraba akikusudia kuizunguka Afrika kwa miezi 18. Baadaye yeye na mwenzake Christine waliendelea na gari hilo hilo karibu mabara yote, wakilala kwenye godoro nyuma ya viti na kujipikia. Christine alifariki 2010. Gari lilirudi Ujerumani 2014 likiwa na takriban kilometa 900,000 na sasa limewekwa kwenye makumbusho ya kiwanda, Stuttgart. Ninachokipenda katika habari yao ni ufupi wa vifaa: godoro, jiko, masanduku, na mengi kati ya hayo waliyatengeneza wenyewe. Fundi wa Keko anaweza kuyatengeneza yote.

Kilometa 33 za kona

Kwa mkazi wa Tegeta, Boko au Bunju, njia ya Usambara imekuwa nyepesi tangu lami ya Bagamoyo hadi Msata ikamilike. Unaiacha foleni ya Kimara na Kibaha, unatokea Msata kwenye barabara kuu, unakamata Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe, kisha Mombo. Sisi wa Temeke tunapita Mandela mpaka Ubungo, tukashika barabara ya Morogoro hadi Chalinze na kukunja kulia. Anayetaka Uluguru ananyoosha moja kwa moja. Morogoro mjini ni kilometa zaidi kidogo ya 190 kutoka Dar.

Treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria Juni 2024 imeifanya Morogoro kuwa jirani, na ni jambo la kujivunia. Hata hivyo inakushusha Kihonda, na kutoka hapo mlima unataka gari.

Mombo ndipo pa kujaza mafuta na kukagua breki. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilometa 33 hivi za lami nyembamba, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, na katika hizo kilometa chache unapanda mita zipatazo 1,000. Joto la bonde la mkonge linabaki chini. Soni unakutana na maporomoko ya maji kando ya barabara, na masikio yanaziba.

Kupanda hakuna shida kubwa kama injini haichemshi. Hatari ipo kwenye kushuka. Dereva aliyezoea Kilwa Road anashuka mlima akiwa ameikanyaga breki muda wote. Breki zinapata moto, harufu ya kuungua inaingia ndani, na kona ya kumi na kitu pedali inazama bila kushika. Wenye Fuso wanajua dawa: mlima unaushukia kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Kwenye gari la otomatiki, toa D, weka 2 au L, acha injini izuie, breki ziguswe na kuachiwa. Piga honi kabla ya kona iliyoziba. Fuso la kabichi linalokuja halina haraka ya kukuua, ila haliwezi kusimama ghafla.

Na usisafiri usiku. Ukiwa na kitanda garini hakuna sababu ya kukimbizana na giza, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote kwa usalama wa barabarani. Dereva aliyechoka Korogwe angelala Korogwe, kama pangekuwa na mahali halali pa kulala. Polisi wa usalama barabarani watauliza mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari, viwepo. Gari likiwa linatembea wote wawili wakae mbele na mikanda, kitanda kibaki kitupu. Na bima iambiwe kwamba viti vya nyuma vimeondolewa, wasije wakakuruka siku ya ajali.

Lushoto Juni na Julai ni baridi ya kweli. Usiku wa kwanza vioo vyote vilitoa jasho kwa ndani, na alfajiri matone yalikuwa yakishuka kwenye blanketi moja baada ya jingine. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba madirisha mawili yakiachwa wazi upana wa kidole, moja mbele na moja nyuma, asubuhi godoro linakuwa kavu. Tulipata baridi zaidi, lakini tulilala.

Yapo mambo ambayo baridi humshawishi mtu kuyafanya na asithubutu. Jiko la mkaa lisiingie garini hata kwa dakika chache. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na anayeivuta anasinzia asiamke. Jiko la gesi nalo ni la kupikia nje, mlango ukiwa wazi.

Tulianza kwa mwenyekiti

Kijiji nilichokitaja sitakitaja jina, kwa sababu mwenyekiti wake alitusaidia bila kuwa na karatasi ya kumlinda. Kipo juu ya Soni, mwendo wa vumbi jekundu na migomba, watu wamelima mpaka ukingoni mwa barabara. Tulifika jua likiwa bado juu kidogo, tukauliza kwa mwenyekiti, tukaelekezwa na watoto waliokimbia mbele ya gari.

"Shikamoo baba," tulimwamkia wote wawili. Akaitikia, akatukaribisha benchi, akatuuliza habari za Dar kwanza kabla ya kutuuliza shida. Tulipomwambia tunaomba pa kuegesha tulale ndani ya gari, alinyamaza. Akauliza kama tuna ndugu kijijini. Hatuna. Kama tumetumwa na shirika. Hatujatumwa. Kama ni mke na mume. Ndiyo. Akatoka nje kuliangalia gari, akafunguliwa mlango wa nyuma, akaliona godoro, na hapo uso ukafunguka kidogo: kumbe ni kitanda kweli.

Alimpigia mtendaji simu. Mtendaji alikuwa wilayani kwenye kikao. Uwanja wa shule upo, tambarare, lakini shule ni ya wanafunzi na mwalimu mkuu angehitaji idhini. Zahanati ina uwanja, ila ni ya wagonjwa. Mwishowe alituambia tuingize gari kwenye ua wake. Mama mwenye nyumba alituletea ndoo ya maji ya moto na kumwonyesha mke wangu choo. Asubuhi tuliacha kitu mkononi, kama mgeni anavyofanya. Hapakuwa na bei, kitabu wala stakabadhi.

> Mwenyekiti alikuwa na nia njema, mhuri na uwanja wa kutosha. Alichokosa ni kanuni.

Msomaji wa mjini anaweza kuona maswali yale kuwa usumbufu. Mimi nayaona kuwa ndiyo yaliyotulinda. Oktoba 2016 katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma, watu 3 wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo Selian cha Arusha, wakiwa kwenye kazi ya kuchukua sampuli za udongo, waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Gari lao lilichomwa moto. Walikuwa kwenye kazi halali ya serikali. Habari za mumiani zimeenea pwani na bara tangu enzi za ukoloni, na kijiji kinapoona gari lisilojulikana limezima taa porini, hofu inatangulia akili.

Kwa hiyo nasema wazi kwa wanandoa wenzangu wanaopanga safari hii: kulala vichakani kimyakimya, kama mnavyoona kwenye video za Wazungu, kwetu si ushujaa. Kijiji kina wenyewe. Mgeni anabisha hodi.

Lakini kijiji nacho kinapaswa kuwa na jibu mtu akibisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kijiji kikitaka kutenga robo eka kwa ajili ya wageni wenye magari, hakihitaji Bunge.

Msitu una mwenyewe

Upande wa pili wa mabishano wapo wahifadhi, na wana hoja nzito.

Sehemu kubwa ya vilele tunavyovitamani ni hifadhi. Amani, Usambara Mashariki, ilitangazwa 1997 kuwa hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini. Magamba ya Lushoto na Uluguru zilifuata baadaye. Zote zipo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu 1992, Kitulo tangu 2005, chini ya TANAPA. Sheria ya Misitu ya 2002 hairuhusu mtu kuingia na kulala msituni bila kibali, wala kuwasha moto ovyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Hoja yao ni kwamba misitu hii ni matangi ya maji. Mto Zigi unaotoka Amani unanywesha jiji la Tanga. Ruvu inanywesha Dar. Moto mmoja wa kuchoma mahindi, ukiachwa bila kuzimwa vizuri mwezi wa Septemba, unaweza kuteketeza mteremko mzima. Choo cha mtu mmoja kando ya kijito ni jambo dogo. Cha magari ishirini kila wikiendi ya Sabasaba ni ugonjwa kwa wanaochota chini.

Nakubaliana nao moja kwa moja. Anayetaka kulala ndani ya msitu alipe, aandikwe, apangiwe mahali, na takataka zake azishushe hadi Dar alikozitoa. Mtanzania analipa kwa shilingi, na kiwango chake ni cha chini mno ukilinganisha na dola za mgeni. Hakuna sababu ya kukwepa geti.

Ninachowaomba ni muda na simu. Malipo ya serikali sasa ni kwa kontroo namba, na huo ni utaratibu mzuri uliopunguza ujanja. Ila wanandoa wenye kazi za ofisi au duka wanatoka Dar Ijumaa usiku au Jumamosi alfajiri, wanafika mlimani alasiri, mtandao ukiwa wa kubahatisha. Namba hiyo itolewe kwa simu mtu akiwa bado Mbagala, na askari wa getini awe na orodha. Na geti likifungwa jioni, pawe na mahali pa kulala nje ya geti hadi asubuhi.

Usalama wa ardhi yenyewe ni hoja ambayo wasafiri hawaifikirii kabisa. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua zilibomoa mteremko wa mlima Hanang, na tope, mawe na magogo vikafunika makazi ya Katesh. Zaidi ya watu 80 walikufa, na wengi wao walikuwa majumbani mwao. Gari lililoegeshwa kwenye mdomo wa korongo kwa sababu hapo pana uwazi mzuri wa kutazama bonde linaweza kuwa mahali pabaya kuliko yote mvua ya vuli ikianza usiku. Mwenyeji anajua maji yalipita wapi mwaka wa mvua kubwa. Ramani ya simu haijui. Mimi ningependa safari hizi zifanywe Juni hadi Septemba, masika yakiwa yamekwisha na barabara za udongo zimekauka.

Wenye gesti, watawa na mashamba

Wenye nyumba za wageni wana wasiwasi wao. Wanalipa leseni, wanalipa ushuru, wanaandika kila mgeni kwenye kitabu kile kinachouliza jina, kabila, unakotoka na unakokwenda. Wanahoji kwa nini mtu apitishe usiku bila kulipa chochote wakati wao wanabanwa. Ni swali la haki, na jibu lake ni kwamba asipite bure. Kambi ya kijiji ikiwa na bei na kitabu, wote wako kwenye mzani mmoja. Tena mwenye gesti mjanja atauza kile ambacho gari halina: maji ya moto ya kuoga, chai na chapati, ua wenye mlinzi.

Wapo waliokwisha kuliona hilo bila kungoja sera. Shamba la Irente la kanisa la Kilutheri, karibu na ule ukingo maarufu unaotazama Mazinde, limekuwa likipokea wenye mahema pamoja na wa vyumbani, na huuza mkate, jibini na jemu za shambani. Masista wa St. Eugene, kwenye barabara ya Soni kwenda Lushoto, hupokea wageni wa kila dini. Wabenediktini wa Sakharani wana vyumba katikati ya shamba lao. Kule Iringa, Kisolanza imekuwa kituo cha wasafiri wa magari waendao Malawi na Zambia kwa miaka mingi.

Karibu zote hizo ni za misheni au za mashamba makubwa. Kijiji cha Wasambaa au cha Waluguru ambacho vijana wake wanashuka Dar kuendesha bodaboda hakina kambi hata moja ya kwake. Hapo ndipo roho inaponiuma. Tulipokuwa kwenye ua wa mwenyekiti, vijana watatu walikuja kutusalimia. Wawili walishawahi kufanya kazi Dar, mmoja Manzese, mwingine Tandika, wakarudi baada ya biashara kufa. Walijua njia zote za msituni, walijua mbega wanakaa upande gani asubuhi, na hawakuwa na la kutuuzia isipokuwa karoti.

> Vijana walijua kila njia ya msituni, na hawakuwa na la kutuuzia isipokuwa karoti.

Kabla ya 1 Julai

Nilichokiona kinatosha kwa kuanzia. Robo eka tambarare, zaidi ya mita 60 kutoka mtoni na mbali na mkondo wa maporomoko. Choo cha shimo kilichojengewa sakafu, kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume. Bomba au tangi. Kibao barabarani chenye bei na namba ya simu ya mtendaji. Mlinzi wa usiku kutoka kijijini. Kitabu cha wageni kama cha gesti, na mashine ya kukusanyia mapato inayotoa stakabadhi.

Ugomvi utakuwa kwenye hiyo mashine, na ni bora usemwe mapema. Vijiji vinahofia kuona fedha zinakwenda wilayani na kutorudi. Halmashauri nazo zinahofia fedha kuishia mfukoni mwa mtu mmoja kijijini. Sheria ndogo ndiyo mahali pa kuandika mgawanyo huo kwa tarakimu, kiasi gani kibaki kijijini kulipa mlinzi na kusafisha choo, kiasi gani kiende juu. Mkutano mkuu wa kijiji usome hesabu hadharani. Bila hivyo, ndani ya msimu mmoja choo kitajaa na kibao kitang'olewa.

Lushoto ina halmashauri mbili, ya Lushoto na ya Bumbuli. Njia ya Uluguru kupitia Sangasanga kwenda Mgeta na Langali ipo chini ya Mvomero. Muheza ina Amani. Hizo nne zikichagua kijiji kimoja kimoja cha majaribio, mkazi wa Dar atakuwa na milima mitatu ya kuchagua, yote ndani ya siku moja ya mwendo.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai. Sabasaba ni siku sita baadaye, na Nanenane inafuata mwezi unaofuata, zote zikiwa katikati ya kiangazi cha milimani. Bajeti za halmashauri hupangwa miezi kadhaa kabla, vijiji vikipeleka vipaumbele vyao kupitia kata. Mwenyekiti aliyetulaza alituuliza asubuhi, wakati tukikunja kitanda, ni magari mangapi kama letu yapo Dar. Nilimjibu kwamba Noah na Hiace ni maelfu, na kwamba mbao za kitanda zipo Keko. Akasema atalipeleka suala hilo kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji kama ajenda, na akaomba tumwandikie kwenye karatasi vipimo vya sehemu inayotosha gari moja kuegesha na kugeuza.